Bembea Mtaani, Ziwa kwa Wote

Ukitaja siku ya familia kando ya maji, kinachowajia wengi kichwani ni bustani ya michezo: gurudumu kubwa linalowapandisha watu angani, vigari vya kugongana, mabomba ya rangi yanayomtelezesha mtoto hadi bwawani, na lango ambapo kila kichwa hulipiwa. Bustani za namna hiyo zipo pwani yetu, Kunduchi kaskazini mwa Dar es Salaam na Nyali kule Mombasa, na si ajabu mzazi wa Bujumbura anayeziona kwenye simu akitamani moja ijengwe kando ya Ziwa Tanganyika. Hamu hiyo ni ya haki. Nisichokubaliana nacho ni mahali. Mashine za michezo hazihitaji ziwa. Zinaweza kusimama kwenye uwanja wowote wenye umeme na kivuli. Ziwa nalo haliwezi kupelekwa kwa watu. Kwa hiyo bembea zijengwe mitaani wanakoishi watoto, na ufuo uachwe wazi kwa jambo ambalo ziwa peke yake linaweza kulitoa. Msimamo huu naupima kwa mtaa mmoja tu, Carama.

Carama iko kaskazini mwa jiji, katika komini ya Ntahangwa, jirani na Kinama na Kamenge. Burundi ni nchi ya vijana, karibu nusu ya wananchi hawajafika miaka 18, na mtaa wa makazi kama huu unalidhihirisha hilo kila jioni watoto wakitoka shule. Ufuo wanaoukimbilia watu wengi uko magharibi, upande wa Saga Plage na Kajaga, kwenye barabara ya Gatumba. Ukipima kwenye ramani, si mbali. Lakini kwa asiye na gari safari hiyo kwa kawaida huvunjika katikati ya jiji: unateremka basi la mtaani, unatafuta gari jingine la kwenda ziwani. Tangu Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zimezuiwa kuingia katikati ya jiji, kwa hiyo njia za mkato walizozitegemea watu wa kipato kidogo zimepungua. Juu ya hapo upo uhaba wa mafuta, ambao umekuwa ukirudi tena na tena tangu 2021 na kukaza zaidi mwaka 2024, ukaacha foleni ndefu za abiria kwenye vituo vya mabasi. Tuchukue familia ya watu 6. Magari mawili kwenda na mawili kurudi ni nauli 24 kwa siku moja. Mdogo akipakatwa, bado zinabaki 20. Hapo hakuna aliyekunywa hata soda.

Muda nao ni mfupi kuliko mtu anavyodhani. Jumamosi asubuhi ni ya kazi za jamii nchi nzima. Jumapili asubuhi, kwa walio wengi, ni ya kanisa. Kinachobaki ni alasiri ya Jumapili, na kufikia saa 12 jioni jua limekwisha kuzama nyuma ya milima ya Kongo, juu ya Uvira. Ukitoa saa za barabarani, familia ya Carama inapata saa tatu au nne za ziwa. Katika saa hizo haihitaji mambo mengi. Watoto wanataka maji ya kuchezea na mchanga wa kuchimba. Wakubwa wanataka kivuli, upepo unaotoka ziwani mchana, na nafasi ya kukaa bila kuharakishwa. Mtu akiwa na fedha, atanunua ndagala, yaani dagaa, wa kukaanga kwenye karatasi au brosheti mbili tatu za kugawana. Hiyo ndiyo siku yenyewe.

Sasa tazama jinsi siku hiyo inavyouzwa. Sehemu nyingi za kupumzikia kando ya ziwa ni baa, mikahawa na hoteli. Mara nyingi hakuna tiketi mlangoni, ila kiti kina bei: ukikaa, utaagiza, chupa ikiisha, mhudumu atarudi. Mama aliyeondoka nyumbani na sufuria la wali na maharage, limefungwa kwa kitenge ili lisipoe, anaambiwa kwa upole kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi. Mwenye biashara hana kosa. Amelipa kodi, amelipa wahudumu, na meza yake ndiyo duka lake. Lakini kwa mama yule matokeo ni kwamba lile sufuria, ambalo lilikuwa njia yake pekee ya kuwalisha watu sita kwa fedha aliyonayo, limegeuka mzigo. Anachagua kati ya kuagiza soda moja ya kunywewa na watoto wanne na kusogea hadi kipande cha ufuo kisicho na choo, kisicho na kivuli, na kisicho na mtu wa kutazama waogeleaji. Bustani ya michezo yenye lango isingemwondolea shida hiyo. Ingeiongeza, kwa sababu mashine ni ghali kununua na ghali zaidi kutunza, na gharama hizo zote hurudi kwenye kiingilio.

Historia ya burudani za ufukweni inaliunga mkono jambo hili kuliko watu wanavyodhani. Coney Island, kando ya bahari katika jiji la New York, ndiko mahali ambako bustani za mashine zilipata umaarufu duniani: Steeplechase Park ilifunguliwa 1897, Luna Park 1903, Dreamland 1904. Zilikuwa maajabu ya taa na mitambo. Lakini umati mkubwa wa wafanyakazi na familia zao haukuletwa na maajabu hayo. Uliletwa na mambo mawili ya kawaida kabisa. La kwanza ni reli ya jiji iliyofika hadi ufukweni mnamo 1920, kwa nauli ya senti 5. La pili ni uamuzi wa jiji kuufanya ufuo kuwa wa umma na kujenga barabara ya mbao ya kutembelea, iliyofunguliwa 1923. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya mchanga ilikuwa nyuma ya nyua za wafanyabiashara waliotoza watu ili wayafikie maji. Baada ya hapo Jumapili za kiangazi zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya watu. Dreamland yenyewe iliteketea kwa moto 1911 na haikujengwa tena. Luna Park ikafungwa katikati ya miaka ya 1940, Steeplechase 1964. Ufuo upo hadi leo, na bado hauna kiingilio.

Hatuna haja ya kwenda Marekani kuliona hilo. Dar es Salaam ina bustani ya maji ya Kunduchi, na ina Coco Beach pale Oysterbay. Ya kwanza huingiwa kwa tiketi; ya pili ni kipande cha ufuo kilichozungukwa na mitaa ya matajiri, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa uani kwa watu wa Manzese, Tandale na Mwananyamala. Mwishoni mwa juma huko utaona mihogo ya kukaanga yenye pilipili, mishikaki, watoto wakifukuzana na wimbi, na mabasi ya daladala yakishusha watu hadi jioni. Mipango ya kukikabidhi kipande hicho kwa mwekezaji ilipozuka, wananchi walipiga kelele kwa miaka, na ufuo umebaki wa umma. Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, upo ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wenyeji wanauita Pirates. Siku za Idi, Krismasi na Mwaka Mpya hujaa hadi mchanga hauonekani. Mchezo mkubwa wa watoto pale ni mpira wa ndani wa tairi la gari, unaokodishwa kwa shilingi chache, na mtoto anaelea juu yake akipiga yowe. Sijasikia mtoto aliyelalamika kwamba haukuwa na injini.

Bujumbura ina sababu nyingine ya kutojenga mashine nzito ufukweni, na sababu hiyo ni ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470. Kwa kina ni la pili duniani baada ya Baikal. Linapokea maji ya mito mingi, Rusizi ukiwa mmojawapo, lakini lina mlango mmoja tu wa kutolea: mto Lukuga, unaotoka pale Kalemie upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, au Lukuga ukizibwa na mchanga na majani, maji hayana pa kwenda ila juu. Katika miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umezibika, ziwa likapanda sana. Ulipofunguka, likashuka kwa mita kadhaa katika miaka michache. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilipanda tena. Katika miaka ya karibuni, 2020 na 2021 na kisha 2024, limeingia katika hoteli, baa na nyumba za kandokando, na wakazi wa Gatumba wamehamishwa kwa maelfu. Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa kimataifa kwa sababu ya mafuriko. Ziwa hili hupanda na kushuka, na litaendelea kufanya hivyo.

Sheria inalijua hilo. Kanuni ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inatenga mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika kuwa eneo la kulindwa. Watu huiona kama kikwazo cha maendeleo. Mimi naiona kama zawadi. Ardhi isiyofaa kwa zege inafaa sana kwa miti, nyasi, mabenchi, njia ya kutembelea na uwanja wa mpira wa watoto. Maji yakipanda, vitu hivyo vinazama. Yakishuka, nyasi zinaota, mabenchi yanaoshwa, watu wanarudi. Gurudumu kubwa halina uvumilivu huo. Lina msingi wa zege, mota na nyaya za umeme, na mnunuzi aliyelileta kwa mkopo bado anadaiwa hata likiwa limesimama ndani ya maji ya kiunoni.

Lakini bembea zenyewe, na yale majumba ya mpira yaliyojazwa hewa ambamo watoto hurukaruka, na treni ndogo ya kuzunguka mduara, sivioni kuwa anasa. Mtoto anahitaji kucheza zaidi ya mara mbili kwa mwaka, na hapa ndipo hoja ya Carama inapokuwa na nguvu. Uwanja wa michezo ukijengwa Carama, mtoto ataufikia kwa miguu baada ya shule, pamoja na dada yake, bila nauli hata moja, na mzazi ataweza kumchungulia akitoka sokoni. Zanzibar imekwisha kuonyesha njia: Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Zanzibar ulijenga uwanja wa kufurahishia watoto Kariakoo, katikati ya makazi ya watu, ijapokuwa kisiwa kizima kimezungukwa na bahari na ufuo haukukosekana. Fedha ni za wafanyakazi, na watoto wa wafanyakazi ndio wanaocheza. Carama ni mtaa ambao bado unaendelea kujengwa, na ni rahisi kutenga kiwanja leo kuliko kubomoa nyumba kesho. Mtaa ukishajaa kuta, nafasi ya watoto huwa barabara.

Kuna wanaosema ufuo ulio wazi kwa wote utakuwa jalala. Hofu hii haikutoka hewani. Kando ya ziwa chupa za plastiki zinaonekana, na mito inayopita mitaani hushusha takataka kila mvua inaponyesha. Wala si suala la macho tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Bujumbura hutoka ziwa hilohilo. Hata hivyo, uchafu hauletwi na uwazi. Unaletwa na kukosekana kwa mwenye kazi. Forodhani, pale Mji Mkongwe wa Zanzibar, palikuwa pamechakaa kabla ya Shirika la Utamaduni la Aga Khan kupakarabati na kupafungua upya mwaka 2009. Haikuwekwa tiketi. Uliwekwa ukuta mpya wa kuzuia bahari, taa, mifereji ya maji machafu, sehemu ya kuchezea watoto, na wauza chakula wakapangiwa mahali pao. Usiku hadi leo urojo na piza ya Zanzibar vinauzwa, na watoto wa mji wanaruka baharini kutoka ukutani. Bujumbura ina hata nyenzo yake tayari: Jumamosi ya kazi za jamii. Saa chache za Jumamosi moja kila mwezi, zikipangiwa ufuo mmoja, zingeuweka katika hali nzuri kwa ajili ya Jumapili, ingawa sitaki mtu adhani kazi ya kujitolea inaweza kuchukua nafasi ya mlinzi na mfagiaji wanaolipwa mshahara.

Pingamizi zito zaidi ni la hatari. Maji haya yana viboko, na jioni huonekana karibu kabisa na ufuo wa jiji. Huoga mchana na kupanda nchi kavu kula majani giza likiingia. Delta ya Rusizi ina mamba, na mmoja wao, aliyepewa jina la Gustave, alitajwa dunia nzima baada ya Mfaransa Patrice Faye kujaribu kumnasa akashindwa, na filamu kutengenezwa juu ya jaribio hilo. Katika maji yaliyotulia yenye majani mengi huishi konokono wa kichocho, ugonjwa unaojulikana sana katika bonde la Rusizi. Na zaidi ya wote hao kuna kuzama tu, kwa mtoto asiyejua kuogelea aliyevuka hatua mbili zaidi. Mtu akiniambia kwamba kwa sababu hizi watoto waende kwenye bwawa lenye saruji, namwelewa. Lakini bwawa la kiingilio litawachukua wachache, na wengine wataendelea kwenda ziwani kama wanavyokwenda sasa, bila mtu wa kuwatazama. Ukuta wa hoteli haumzuii kiboko. Anakuja kwa maji. Kinachopunguza vifo ni kuchagua ufuo ulio wazi wenye mchanga na mawimbi, mbali na midomo ya mito na matete. Kuweka maboya yanayoonyesha mwisho wa kuogelea. Kuweka waokoaji wawili waliofunzwa juu ya mnara wa mbao. Na kupiga filimbi saa 11 jioni ili kila mtu atoke majini kabla ya saa ya viboko. Hayo yote yakijumlishwa hayafikii bei ya mashine moja kubwa.

Nani atalipa? Wanaouliza wana haki, maana nchi ina hospitali zinazohitaji dawa na shule zinazohitaji madawati. Jibu langu ni kwamba ufuo wa umma unaweza kujichangia bila kumtoza mtembea kwa miguu. Mwenye gari alipie maegesho. Mwenye meza ya kukaanga ndagala na samaki wa mukeke alipie nafasi yake, kwa kiwango anachokimudu. Mwenye mashua ya kuzungusha watu alipie kibali, na masharti yake yawe makoti ya kuelea kwa kila abiria. Hoteli na baa zilizopo hazihitaji kufungwa; zinahitaji jirani. Umati wa watu walioingia bure hununua, mmoja kidogo na mwingine zaidi, na vibanda vya Coney Island na vya Coco Beach ni ushahidi kwamba wingi wa wateja wenye senti chache hulisha biashara nyingi. Anayebeba sufuria lake leo anaweza kununua brosheti siku mshahara ukitoka, ila hatanunua kitu mahali alikofukuzwa.

Na kazi isingoje mpango mkubwa. Hatua ya kwanza ni basi. Jumapili alasiri, basi kubwa litoke Carama, lipitie Kinama, liende moja kwa moja hadi ziwani bila kuingia katikati ya jiji, na lirudi saa 11 na nusu. Nauli 24 za familia ile zingekuwa 12. Kwa nchi inayohesabu kila lita ya mafuta, gari moja lenye watu 60 linakunywa kidogo kuliko taksi kumi na tano zinazobeba watu haohao, na komini inaweza kulijaribu kwa msimu mmoja wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ikaona ni familia ngapi zinapanda.